Siku moja maishani mwangu: kufunga spea nzito za mtumba

Saa moja asubuhi niko stoo. Wengi wakisikia nafunga mizigo wanadhani ni katoni na gundi. Leo kuna injini mbili, giaboksi ya otomatiki na milango minne, vyote vya kwenda mikoani.

Mpaka saa nne ni kumwaga oili na maji, kuziba matundu na kupiga picha namba za injini. Oili ikibaki itavuja njiani iharibu mizigo ya watu. Injini siikalishi juu ya sampu, lile bakuli la oili chini yake, hata siku moja. Sampu ni bati jembamba au alumini, lori likiruka shimo moja tu imepasuka. Injini naipigia fremu ya mbao inayobeba bloku, yaani mwili wake mgumu, sampu ibaki hewani, kisha naibana kwenye paleti kwa mikanda iliyopishana. Injini ya kilo 150 ikianza kucheza ndani ya lori hakuna wa kuizuia.

Saa tano nikashika giaboksi, na siku ikakwama hapo. Konveta yake, lile duara zito la mbele linalopokea nguvu ya injini, haishikwi na bolti yoyote giaboksi ikishatengana na injini. Ikichomoka njiani na fundi akafunga bila kuirudisha vizuri, pampu ya giaboksi imekufa. Kwa hiyo naisukuma huku naizungusha mpaka izame yote, halafu nakatiza kipande cha chuma mdomoni na kukifunga bolti pande zote mbili. Nikaweka sponji, nikazungusha nailoni, nikakaza mikanda. Simu ikaita, ni mteja wa giaboksi hiyo.

"Kaka, hebu nionyeshe namba tena."

Picha nilimtumia jana. Anataka video. Nikafungua, akaona, akashukuru, nikafunga upya. Jasho halijakauka, anapiga tena: fundi wake anataka kujua soketi ya waya ina pini ngapi. Soketi iko ubavuni, chini ya sponji na nailoni yote. Nikafungua tena. Simlaumu sana, maana amelipia kitu ambacho hajakigusa, na kisipoingia kwenye gari lake nauli ya kukirudisha inauma. Lakini fundi angeuliza yote kwa mara moja! Kila nikifungua, mikanda yote inaanza upya, na mgongo ni huu huu. Mara ya tatu aliuliza kama mauntingi, kile kishikizo cha kuifunga kwenye gari, ipo. Ipo, na kwenye picha inaonekana. Hapo sikufungua.

Chakula nilikula nimesimama, lori limeshafika na dereva anapiga honi. Alitaka injini moja ilazwe ubavu apate nafasi. Nilikataa, tukabishana, mwishowe akasogeza magunia. Milango ilipanda wima, sponji katikati, vioo visibebe uzito.

Giza lilishaingia lori lilipoondoka. Vidole havikunjiki vizuri, ila sina wasiwasi na mzigo hata mmoja niliopakia. Kesho ni zamu ya injini ya dizeli yenye bloku ya chuma, na paleti ya kawaida haitaiweza. Mbao nene nimeshazikata.