Godoro la Dada

Godoro jipya lina harufu yake. Huwezi kusema ni nzuri wala mbaya. Ni ya sponji iliyofungiwa kwenye nailoni ikakosa pa kupumulia. Juzi nimenunua moja Buguruni, la kitanda cha bweni, mbili na nusu kwa sita, maana mwanangu anaripoti kidato cha kwanza Jumatatu. Tulipolifikisha nyumbani nikalisimamisha ukutani, nikajikuta nimeliwekea sikio.

"Baba, unalinusa au unalisikiliza?"

Nikamwambia vyote viwili. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye simu. Yeye na wenzake watatu wanarekodi nyimbo kwa BandLab, programu ya simu, kila mmoja akiwa kwao, mmoja anaweka biti Mbezi, mwingine anaingiza sauti Temeke. Wiki nzima ananiuliza jambo moja: kwenye ile kompyuta yangu, aweke programu gani ya muziki, FL Studio au nini? Sijamjibu bado. Kila nikitaka kumjibu naishia Tabata, mwaka 2011.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao. Aliyekuwepo Dar hahitaji kusimuliwa. Dada alikuwa anaolewa, vikao vya send-off vinaendelea, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua kuwasha kompyuta, nikatoa ahadi ambayo hakuna aliyeniomba: Baba ataimba, nitamrekodi, na wimbo utapigwa ukumbini dada akiwa hana habari.

Baba hakuwa mwimbaji. Alikuwa mtu wa reli, kastaafu. Ila alikuwa na wimbo wake mmoja, nusu Kiswahili nusu Kinyamwezi, aliokuwa akiuimba alfajiri anapofunga kamba za viatu kwenda kazini. Sisi watoto tumezaliwa Dar, Kinyamwezi chetu kinaanzia na kuishia kwenye salamu ya mwangaluka. Kipande cha Kinyamwezi tulikijua kwa sauti tu, kama unavyoijua honi ya gari la jirani. Maana yake hatukuwahi kuuliza.

Kuchagua programu kulitula zaidi ya miezi miwili. Rafiki yangu mpiga gitaa alitaka Cubase kwa sababu aliiona studio moja, kompyuta yangu ikaikataa. FL Studio ilikuwa ndiyo habari ya mjini, lakini ile ni ya kujenga biti, na sisi tulikuwa na gitaa moja na mzee mmoja. Nilisoma habari za Reaper: ndogo, nyepesi, unapewa muda wa kuijaribu bure. Sikuichukua, kwa sababu ya kijinga ambayo mpaka leo naona ina mantiki: mtaani hapakuwa na mtu wa kumgongea mlango nikikwama. Ikabaki Audacity, ya bure, ambayo sikumbuki hata nani aliiweka mle ndani.

Usiku wenyewe naukumbuka kama jana. Kelele za Dar wakati wa mgao hazikuwa na pa kukimbilia. Umeme ukikatika, majenereta yananguruma mtaa mzima. Ukirudi, watu wote wanawasha pampu za maji na pasi na redio kwa mpigo. Tukaamua saa tisa usiku. Dirishani palikuwa panaingia kila kitu mpaka mbwa, hivyo nikalitoa godoro la dada, tano kwa sita, inchi nane, lililonunuliwa kwa ajili ya nyumba yake mpya, nikaliegemeza pale. Mama akatoka chumbani na kanga ya kulalia.

"Hiyo nailoni msiitoe. Godoro la mwali hilo."

Nailoni nayo ukiigusa tu inalia. Tukaifunika kanga mbili. Baba akasimama kwenye pembe, kabati kushoto, godoro kulia, maiki ya Kariakoo nimeifunga kwenye mpini wa ufagio, waya umeingia tundu la pinki nyuma ya kompyuta. Nikamvalisha hedifoni. Akaivua saa yake mkononi mwenyewe, bila kuambiwa, akampa Mama. "Inagonga," alisema. Mtu wa reli husikia vitu vya namna hiyo.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Gitaa likaanza masikioni mwake, sisi tuliobaki hatusikii kitu, tunamwona tu mzee kafumba macho, anahesabu kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada. Halafu akaimba. Nilitegemea sauti ya kunguruma aliyokuwa akitugombezea nayo. Ikatoka nyembamba, ya chini, ya mtu anayejaribu kutoamsha watoto. Ndipo nikaelewa kwa nini miaka yote ile alikuwa akiimba vile alfajiri. Tulikuwa tumelala. Alipofika kwenye Kinyamwezi akayashusha mabega. Mama alikuwa mlangoni na ile saa, kaishika kwa mikono miwili.

Nikarudisha nyuma kusikiliza. Sauti inakuja nyuma ya gitaa.

"Baba, unachelewa kidogo."

"Nani anachelewa?"

"Wewe. Hebu tena."

Akaimba tena. Anachelewa. Ya tatu, anachelewa. Ya nne akaanza kulikimbiza gitaa, sauti imekaza, kafumbua macho, ananitazama mimi badala ya kuimba. Mwishowe akazivua hedifoni, akazikunja taratibu. "Miaka yote niliyofanya kazi," alisema, "treni zilichelewa. Mimi sijachelewa." Akachukua saa yake kwa Mama akaenda kulala.

Kesho yake nikagundua nilichofanya. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inakinga kwa ndoo, ndoo ikijaa ndipo inabeba. Mashine ya zamani kama ile yangu ndoo zake ni kubwa, kwa hiyo sauti iliandikwa ikiwa imeshachelewa, kama robo ya sekunde hivi. Nikachukua ule mstari wa kwanza, nikauvuta kushoto kidogo kwa kipanya. Ukaingia kwenye gitaa kama mguu kwenye kandambili yake. Mzee alikuwa sawa tangu mara ya kwanza.

Sikumwambia. Nilijipangia nitamwambia ukumbini, wimbo ukishapigwa.

Yaliyobaki niyapitishe haraka, maana hayanipendezi. Nikasafisha sauti: unaionyesha programu sekunde mbili za ukimya, inajifunza mvumo wa chumba, inauondoa kote. Nikazidisha, Baba akawa kama anaimba ndani ya pipa la maji, nikarudisha. Kutoa MP3 sikuweza. Wakati ule Audacity ilihitaji ushushe pembeni LAME, kiprogramu cha kutengenezea MP3, mambo ya hataza, na mimi bando limeisha. Nikasema haina shida, kuna prodyuza Kinondoni amekubali kuufanyia miksi, na yeye mwenyewe anataka projekti nzima. Nikaliweka faili kwenye flashi. Dogo kweli, halikufika hata kilobaiti mia. Hilo nalo halikunishtua.

Kisha nikapata CD ya FL Studio, imeandikwa kwa makapeni, nanyi mnajua zilikotoka. Diski ya kompyuta imejaa. Nikatafuta cha kufuta nikakuta folda moja ina vifaili mamia, majina yake kama namba za magari ya serikali, e00 nini nini, kila kimoja sekunde sita tu za mvumo. Takataka, nikasema. Nikafuta, nikamwaga na pipa la taka kabisa.

Kinondoni, prodyuza akafungua faili langu. Programu ikauliza, kwa adabu zake zote, kama tungependa sehemu zote za sauti zisizoonekana zigeuzwe kuwa ukimya. Akanigeukia.

"Kaka, umeniletea daftari la michango. Hela zenyewe ziko wapi?"

Ndivyo Audacity ilivyokuwa wakati ule. Lile faili dogo lilikuwa orodha tu, sauti inakaa kwenye folda ya pembeni. Toleo la 3, mwaka 2021, ndipo wakaweka kila kitu kwenye faili moja. Nilipoisoma habari hiyo niliizima kompyuta nikaenda kunywa maji.

Zilibaki siku mbili. Nikamwomba Baba arudie. Hakufoka, aliendelea na gazeti lake. "Nilishaimba," alisema.

Ukumbini likapigwa gitaa peke yake, ambalo kwa bahati tulikuwa tumeshalitoa peke yake kama faili la sauti, WAV, dakika nne, megabaiti arobaini. MC alidhani ni muziki wa kuitia watu chakula, akawaita meza ya kwanza. Watu wakapanga mstari na sahani. Mimi nilikuwa namwangalia mzee pale meza kuu. Kidole gumba juu ya kidole cha shahada, anahesabu. Ilipofika sehemu yake, mdomo haukufunguka. Au ulifunguka kidogo, na mimi niliona ninachotaka kuona.

Dada mpaka leo hajui kulikuwa na wimbo. Namwambia Baba ana sauti nzuri, anacheka, anadhani natania.

Jana jioni nikampigia mzee Tabora, aongee na mjukuu kabla hajaenda shule. Anakaribia miaka 80 sasa. Mwanangu, bila kuniuliza, akamwambia anataka kumrekodi ule wimbo wa viatu, mwambie baba aniwekee programu nzuri. Nilikuwa nimekaa pale na majibu yangu yote, Reaper dola 60, FL Studio ya majaribio usiyoweza kuifungua tena kazi yako mpaka ulipe, ndoo kubwa na ndoo ndogo. Nikafungua mdomo. Nilitaka pia kusema lile jingine, la mstari wa kwanza. Nikaufunga.

Mzee akanyamaza kidogo. Akasema atakuja Juni, anataka kupanda treni ya SGR kutoka Dodoma aone kama nayo inachelewa.

"Godoro lipo?" akauliza.

Nikamwambia lipo, ila Jumatatu linaenda shule.

"Basi tutaimba likirudi likizo."

Mwanangu akadakia kwamba magodoro hayarudi likizo, yanabaki bweni mpaka kidato cha nne.