Kijiko kwa kijiko: nilivyomnywesha mwanangu ORS

Mtoto anayeharisha na kutapika hataki kunywa kitu, na ladha ya ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, haimshawishi mtu. Wangu ana mwaka na nusu: meno ya kung'ata kijiko anayo, sauti ya kuwaita majirani anayo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kila mwaka nachora utando wa seli ubaoni, ila mara hii ilibidi niutetee sebuleni kwangu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. "Mama Imani, mpe soda apate nguvu."

"Itamzidishia, Mama," nikamjibu, kisha nikakaa chini nieleze, maana mama mkwe humkatalii ukanyamaza.

Maji hayana anayeyasukuma. Hupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, ndiyo osmosisi. Soda ina sukari nyingi mno, hivyo ikifika kwenye utumbo mwembamba huyavuta maji ya mwilini yaingie utumboni, mtoto akazidi kuharisha. Maji matupu nayo hayarudishi chumvi iliyopotea. Inatakiwa chumvi iingie mwilini ili maji yaifuate, na hapo ndipo sukari kidogo inapohitajika. Seli za ukuta wa utumbo zina protini inayobeba sodiamu (iliyo kwenye chumvi) na glukosi (aina ya sukari) kwa pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Glukosi isipokuwepo, sodiamu haipiti hapo. Zikishaingia, pampu iliyo upande wa pili wa seli hutumia nishati kuitoa sodiamu kuelekea kwenye damu, na maji huwa nyuma yake. Hata sumu ya kipindupindu, inayovuruga njia nyingine ya kufyonza chumvi, hii huiacha.

Mwanabiokemia Robert Crane alieleza wazo hilo mwaka 1960. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilimwishia daktari Dilip Mahalanabis, akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

"Kumbe sukari ndiyo inayoipitisha chumvi?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, lete hicho kijiko."

Pakiti yetu ilikuwa ya lita moja (soma yako, zipo za nusu lita). Niliimimina yote, maji nikapima kwa chupa ya dukani, si kwa kukisia. Hapa sina mzaha: fomyula ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2002 imelinganisha sodiamu na glukosi, milimoli 75 kila moja kwa lita. Ukipunguza maji, umerudi kulekule kwenye soda.

Kikombe alikisukuma. Alichokubali ni kijiko cha chai kila baada ya dakika moja au mbili, amepakatwa nusu kukaa, kijiko kikipitia pembeni, ndani ya shavu. Kikiwekwa juu ya ulimi anatema. Akitapika tunasubiri dakika 10, tunaanza tena taratibu zaidi. Tulipokezana usiku kucha, na ziwa aliendelea kunyonya.

Kuharisha hakukukoma usiku ule. Hapo ndipo wengi huimwaga ORS wakisema haifanyi kazi, lakini kazi yake si kufunga choo, ni kurudisha maji. Kwa hiyo niliangalia mambo mengine: nikibana ngozi ya tumbo inarudi upesi? Mdomo una mate? Akilia machozi yanatoka? Alfajiri nepi ilikuwa na mkojo, nikamwambia Mama akalale. Angelegea, au akashindwa kabisa kunywa, au choo kikaja na damu, tungekuwa njiani kwenda hospitali.

Zinki nilipewa pamoja na pakiti: miligramu 20, kidonge kinachoyeyushwa kwenye kijiko, mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Tumbo lilitulia mapema zaidi, dozi tukaimaliza vilevile.