Mafaili yaliyokataa kufutika kwenye seva yetu ya Chake Chake

Bibi alikuja kutoka Wete na gari ya asubuhi. Daftari la mashairi ya babu yake alikuwa amelifunga ndani ya leso, na leso ndani ya mfuko wa nailoni, maana ilikuwa masika. Tulilifungua juu ya meza taratibu: khati ya Kiarabu, maneno ya Kiswahili, wino umegeuka kahawia, pembe za kurasa zimeliwa na wadudu. Nilipiga skani ukurasa wa kwanza, nikabonyeza kuhifadhi, seva ikajibu kwamba diski imejaa.

Sikukubali, kwa sababu hesabu yake nilikuwa nayo kichwani. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), rangi kamili na bila kubanwa, unachukua karibu MB 100. Tulikuwa tumeshapiga kurasa kama 1,200 za madaftari ya aina hii, yaani GB 120 hivi. Diski ile ya kuhifadhia ni ya GB 500, ambayo Windows huionesha kuwa 465. Palipaswa kubaki zaidi ya GB 340.

"Kuna tatizo, mwanangu?"

"Mashine inataka kusafishwa, bibi. Liache daftari, kesho nitalimaliza."

Akatikisa kichwa. Daftari lile halijawahi kulala nje ya nyumba yao, akasema, akalikunja tena kwenye leso na kuondoka nalo. Pemba ni kisiwa cha washairi wa zamani kina Kamange na Sarahani, na majumbani bado kuna madaftari ya watu ambao majina yao hayatajwi popote. Kila daftari linalorudi nyumbani kabla ya kupigwa skani mimi hulihesabu kuwa limo hatarini. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilianza kutafuta zilikokwenda zile GB 340. Zilikuwa ndani ya folda moja iitwayo pub, chini ya folda ya FTP, ile njia ya zamani ya kutumiana mafaili mtandaoni. Fundi aliyetufungia seva alikuwa amefungua FTP ili wenzetu wa Unguja watutumie picha, na akaacha ruhusa ya mtu yeyote kuingia bila jina wala nywila, tena si kusoma tu bali hata kuandika. Nami nilipokabidhiwa sikukagua. Intaneti ina watu wanaozunguka na programu za kupapasa anwani moja baada ya nyengine, wakitafuta mlango namba 21 ulio wazi. Wakiupata huigeuza seva ya mtu kuwa ghala lao la filamu. Yetu waliijaza filamu, na kwa namna walivyozipa folda majina ilionekana wazi wamekusudia mwenye seva asiweze kuzifuta.

Nilibonyeza kufuta, nikaambiwa sina ruhusa. Nikajaribu folda ya pili, nikaambiwa faili linatumika. Ya tatu, iliyoitwa com1, ikajibu kwamba jina si sahihi. Ya nne haikuonekana kuwa na jina kabisa. Rafiki yangu wa Unguja aliniambia kwa simu: "Wewe fomati diski, upumzike." Yeye si mwenye zile kurasa 1,200. Na majibu yale manne yalinipa moyo, kwa sababu hayakufanana. Kama diski ingekuwa imeharibika, ningetarajia kilio kimoja. Hapa kila folda ilikuwa na sababu yake ya kukataa.

Kabla ya kufuta chochote nilifanya mambo mawili. Nilisimamisha huduma ya FTP na kufunga mlango 21 kwenye ruta, kwa maana wale watu walikuwa bado wanapakia wakati mimi nahangaika. Ndiyo maana folda ya pili ilisema faili linatumika, na huduma iliposimama ikafutika mara moja. Kisha nikanakili khati zote kwenye diski ya nje, nikafungua picha kama hamsini za huku na huku kuhakikisha zinasomeka. Kazi hiyo ilikula mchana mzima na siijutii.

Suala la ruhusa lilikuwa jepesi. Hata msimamizi anaweza kukuta folda imeondolewa jina lake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, lakini Windows inampa haki ya kuchukua umiliki. Nilifungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, nikaandika:

takeown /f D:\ftp\pub /r /d y

kisha

icacls D:\ftp\pub /grant Administrators:F /t /c

Hiyo /c mwishoni ni ya kuiambia iendelee hata ikikwama kwenye faili moja. Ilikwama, kwenye yale yale majina ya ajabu.

Hii com1 ndiyo iliyonifunza zaidi, na ningependa kila anayeshika seva aijue. DOS, mfumo uliotangulia Windows, toleo lake la mwanzo kabisa la mwaka 1981 halikuwa na folda. Vifaa vilikuwa na majina kama mafaili: CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, AUX na COM1 ni tundu la nyaya za mawasiliano, NUL ni shimo la kutupia. Folda zilipokuja mwaka 1983 na DOS 2, majina yale yaliachwa yafanye kazi popote ulipo ili programu za zamani zisikwame. Windows imeyarithi mpaka leo.

Chukulia ghala la karafuu. Kuna gunia limeandikwa "Mizani". Unamwambia mchukuzi, "Niondolee Mizani," naye kila ukimwambia anageukia mizani yenyewe iliyofungwa sakafuni, anakujibu haiondoki. Gunia lipo, na ghala halina kinyongo nalo. Vivyo hivyo mfumo wa diski, NTFS, hauoni tabu yoyote na jina com1. Anayekataa ni yule wa kati anayelitafsiri jina kabla halijafika kwenye diski. Basi dawa ni kumpita huyo wa kati. Ukianza njia, yaani anwani ya faili ndani ya diski, na alama hizi \\?\ unaiambia Windows isitafsiri kitu, ipeleke jina kama lilivyo:

rd /s "\\?\D:\ftp\pub\com1"

Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasoma njia yote herufi kwa herufi, nikabonyeza Y. Ikaondoka kimya, na nafasi GB 90 ikarudi. Niliinuka kitini nikashukuru Mungu kwa sauti. Aux na prn zikafuata kwa njia hiyo hiyo.

Ile isiyo na jina ilikuwa na jina: nafasi tupu. Windows hukata nafasi na nukta zilizo mwishoni mwa jina, hivyo kila ukiitaja folda kama hiyo inatafuta kitu chengine ambacho hakipo. Nilitumia dir /x, ambayo huonesha pia jina fupi la mtindo wa zamani, lile lenye alama ya ~ na tarakimu, pale ambapo mfumo umeliweka. Nikaifuta kwa jina hilo fupi.

Zikabaki folda zilizopachikwa moja ndani ya nyengine mpaka njia ikapita herufi 260, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha programu nyingi za Windows. Hapo nilitengeneza folda tupu na kuiambia robocopy, programu ya Windows ya kunakili mafaili, ifananishe folda chafu na ile tupu:

robocopy D:\tupu D:\ftp\pub /mir

Amri hii niliisoma mara tatu kabla ya kubonyeza. Hiyo /mir hufuta kila kilichopo upande wa pili ambacho hakipo upande wa kwanza, na ukiandika folda ya khati hapo badala ya pub, haitakuuliza.

Ilikuwa karibu na magharibi. Diski ilionesha GB 343 wazi. Niliiondoa kabisa huduma ya FTP; wenzetu wa Unguja sasa wana akaunti zao, kila mmoja na nywila yake, kwa njia iliyofungwa kwa siri.

Alfajiri niliingia gari ya Wete na skana kwenye begi. Bibi alitandika mkeka barazani, akaleta leso ile ile. Tulipiga kurasa 64. Katika ya arubaini na kitu aliniomba nisimamishe, akausoma ubeti mzima kwa sauti bila kuangalia karatasi.