Programu moja, alama mbili

Saa moja asubuhi. Matatu ya Rongai imekwama kwenye foleni, simu inaita. Ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area. "Fundi, tangu uweke ile mpya jana, programu ziko mbili. Yangu ni gani?"

Saa mbili na nusu. Kwenye skrini yenye vumbi la saruji naona alama mbili pacha. Mauzo ya jana asubuhi yako huku, ya jioni yako kule. Dada wa watu alikuwa akibonyeza yoyote iliyo karibu.

Saa nne. Nafungua rejista ya Windows, daftari ambamo programu zilizosakinishwa huandikwa, na kujikuta mimi ndiye mwenye kosa. Toleo la zamani ni la biti 32, na kwenye Windows ya biti 64 kumbukumbu zake huwekwa kwenye tawi la pembeni la rejista liitwalo WOW6432Node. Kisakinishi changu kipya, cha biti 64, kilichungulia upande wake tu, kikakuta patupu, kikajiwekea makao mapya. Nahamisha risiti za jioni moja moja, huku mzee mwenye duka akinisimamia kichwani.

Saa saba. Chapati madondo, haraka.

Saa nane, ofisini. Natumia Inno Setup, zana ya kutengeneza visakinishi, ambayo huandika kitambulisho cha programu kwenye rejista na kukimalizia kwa _is1. Sasa hati yangu ya maagizo (script) inakitafuta pande zote mbili, biti 32 na 64, za HKLM, sehemu ya rejista ya kompyuta nzima, kisha HKCU, ile ya mtumiaji mmoja, maana wapo wanaosakinisha kwa akaunti yao pekee. Mwenzangu ananishauri niulize Win32_Product, orodha ya Windows ya programu zilizosakinishwa. Sitaki: inajua vifurushi vya MSI tu, aina nyingine ya visakinishi, na ukiiuliza, Windows huanza kukagua kimoja baada ya kingine. Utangoja sana.

Najaribu kwenye kompyuta ambayo mtu alifuta folda kwa mkono. Rejista inaapa programu ipo! Ni kama daftari la nyumba kumi: jina liko, mwenyewe alihama kitambo. Kwa hiyo baada ya kupata kumbukumbu, nasoma InstallLocation, yaani folda iliyoandikwa kuwa makao ya programu, na kuhakikisha faili la .exe, programu yenyewe, lipo.

Saa kumi. Matoleo nayo: yakilinganishwa kama maandishi, 1.10 inaonekana ndogo kuliko 1.9. Nayakata kwenye nukta, nalinganisha namba kwa namba.

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimerudi dukani, nimesakinisha upya. Alama ni moja.

"Asante, fundi. Sasa na hii printa?"