Kundi la WhatsApp la darasa: lifunge kwanza

Kundi la wazazi likiachwa wazi, wiki ya pili tu limejaa "Amina", picha za maua na bei za vitenge. Tangazo la kikao linazama huko chini, na mzazi kutoka mtaa wa Pasua, Moshi, anafika shuleni Ijumaa kuuliza kikao kilikuwa lini.

Lifunge. Ingia kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Wasimamizi wawili wanatosha: mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma. Mwenye swali amfuate mwalimu faragha, kabla ya saa 2 usiku (mwalimu naye ana watoto wake).

Wengine hupendelea orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayobeba watu 256 bila mzazi kuona namba ya mwenzake. Nzuri, ila ina mtego: asiyehifadhi namba ya mwalimu kwenye simu yake hapati kitu.

Ujumbe wenyewe uwe hivi: "Darasa la 4. Kikao Jumamosi saa 3 asubuhi. Njoo na daftari la hisabati." Unaingia kwenye SMS moja ya herufi 160, kwa hiyo bibi mlezi kule kijijini Uru mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, anaupata vilevile. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu unakula bando, na kesho hakuna anayeukumbuka.

Alama na madeni ya michango havipostiwi kundini kabisa. Picha ya matokeo ya darasa zima ikishatoka, kuifuta hakusaidii. Imeshahifadhiwa kwenye simu za watu.