Makro iliyonikesha Ngamiani

Nimechoka na watu wanaowaambia wanaojifunza asembli, lugha ya kuamuru processa hatua moja moja, waachane na makro, yaani vipande vya amri unavyovipa jina ili usiviandike upya kila mara. Mimi niliambiwa hivyo mara tatu ndani ya wiki moja. Jirani yangu hapa Barabara ya 8 alisema, "Kaka, futa makro zote, andika mstari kwa mstari." Mwingine akanishauri nibadili asembla, yaani programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine. Nikaunguza bando la elfu tatu, nne hivi, kupakua nyingine, na kosa likawa lile lile.

Nilikuwa naandika programu ya kujumlisha mauzo ya shangazi, anayeuza samaki Deep Sea. Natumia asembla iitwayo NASM kwenye Linux ya biti 64. Nilikuwa na makro niliyoiita hamisha, ndani yake mstari mmoja tu: mov %1, %2. Yaani hamishia cha pili kwenye cha kwanza, kati ya vitu viwili utakavyoipa. Nikaiita hivi: hamisha [jumla], [bei], mabano yakimaanisha mahali kwenye kumbukumbu. Asembla ikakataa, ikasema amri na operandi zake, yaani vitu inavyovifanyia kazi, haziendani, ikanionyesha mstari wa 41. Nikautazama mstari huo hadi adhana ya alfajiri. Hauna kasoro hata moja!

Kilichoniokoa ni kuandika nasm -E kisha jina la faili. Hapo asembla haitafsiri kitu, inakutolea tu maandishi yalivyo baada ya makro kufumuliwa. Nikaona mov [jumla], [bei], na papo hapo nikajua. Kwenye processa za x86, kama yangu, mov haibebi kumbukumbu kwenda kumbukumbu, lazima thamani ipitie kwenye rejista, kijisanduku kilicho ndani ya processa. Makro haina akili yoyote, inabandika maneno uliyoipa.

Nikapitishia rejista ya rax, programu ikakubali, jumla ikatoka mabilioni. Bei nilizitangaza kwa dd, yaani baiti nne, na rax inavuta nane, kwa hiyo ilizoa na bei ya jirani yake. Nikaweka eax, nusu yake ya baiti nne. Na ukiandika namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu, taja ukubwa: mov dword [jumla], 0.

Kosa la lebo iliyojirudia, yaani jina moja la mahali pawili kwenye programu, sikulihangaikia sana. Ukiweka lebo ndani ya makro na ukaiita mara mbili, itangulize na %% ili kila mwito upate lebo yake.

Lililonitoa jasho ni lile lisilokuwa na ujumbe wowote wa kosa. Makro yangu ya kuchapa jina la samaki kwenye skrini ilikuwa ndani ya mzunguko wa mara tano: rejista ya rcx ikiwa 5, na amri ya loop ikiipunguza moja na kurudia mpaka ifike sifuri. Nikaiendesha. Jina la samaki aitwaye changu likajaa skrini, likaendelea kumiminika mpaka nikaikata kwa Ctrl+C. Nikadhani loop imeharibika. Nikahesabu upya, nikabadili 5 kuwa 2, bado inamiminika. Mtu mzima nikatoka nje nikapunge upepo.

Niliporudi nikafungua gdb, programu ya kukagua programu nyingine ikiwa inaendeshwa, nikatembea amri moja moja, na kila hatua nikaandika thamani ya rcx nyuma ya daftari la shangazi. Tano. Tano. Tano. Nikavuka syscall, amri ya kuiomba Linux ichape: 4198492. Nilipiga kelele hadi shangazi akauliza, "Mwanangu, umeumwa na nini?" Ile namba ni anwani ya amri inayofuata. Processa inapoingia syscall huhifadhi anwani ya kurudia ndani ya rcx, na bendera zake, yaani alama za hali yake, ndani ya rejista ya r11. Kwa hiyo kila duara rcx ilijazwa upya, na loop isingefika sifuri hata ningekaa mwaka.

Dawa ni push rcx kabla ya syscall, kuiweka kando, na pop rcx baada yake, kuirudisha, humo humo ndani ya makro, ili anayeiita asilazimike kuikumbuka rcx. Mistari miwili! Sasa makro hiyo nimeitumia sehemu kumi na moja za programu. Ningefuata ule ushauri wa kuandika mstari kwa mstari, ningekuwa na sehemu kumi na moja za kusahau rcx.

Juzi jirani amekuja na laptop yake, loop yake haikomi. Nikamwambia aanze na gdb.