Nguzo za vipande: jinsi nilivyopata kiungo kisichopasuka

Kichochoro chetu katika Mji wa Kale, Mombasa, hakipitishi gari. Mkokoteni wenyewe hupita kwa kubembelezwa, na penye kona mtu huinua gurudumu moja ili lisikwaruze baraza za watu. Kwa hiyo nguzo ya mbao iliyobeba taa na nyaya za mtaa ilipoliwa na mchwa, hadi ikawa inashikiliwa na nyaya zile zile ilizopaswa kuzishika, wazee wa mtaa waliamua mambo mawili kwa kikao kimoja. Nguzo mpya iwe ya chuma, na iwe ya vipande, kwa sababu kitu cha mita 7 kisichopinda hakiwezi kukata ile kona. Kazi wakaniletea mimi, mwenye karakana ndogo ya kukereza vyuma, kwa kuwa walijua nina mzee ninayefanya naye kazi ambaye ana tanuri la kuyeyushia chuma.

Tulichagua chuma cha kusubu, yaani kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu ya mchanga, kile mafundi tunachokiita kasti. Bomba jembamba ni jepesi na rahisi kuchomelea, lakini nimeona mengi karibu na bahari yakiliwa na kutu pale pale yanapoingia ardhini, huku juu rangi bado inang'aa. Kasti ya ukuta wa milimita 12 ina nyama ya kuliwa kwa muda mrefu. Ubaya wake ni uzito: lita moja ya kasti ni kama kilo 7.2, na kipande cha chini, chenye urefu wa mita 3.2 na kipenyo cha milimita 140, kilikaribia kilo 110. Watu wanne hukibeba.

Wazo la nguzo za vipande si langu. Waya wa simu ya maandishi uliokata Australia toka kusini hadi kaskazini, ukakamilika mwaka 1872, ulianza kwa nguzo za mbao. Mchwa wakazifanya chakula, na baadaye nyingi zikabadilishwa kwa nguzo za chuma zinazoingiana kipande ndani ya kipande, zinazojulikana kama nguzo za Oppenheimer. Nilipoziona katika picha niliona shida yao ni yetu: mchwa, na njia mbaya ya kusafirishia. Moyo ukatulia kwamba jambo hili linawezekana.

Mzigo ulikuwa wazi. Nguzo yetu inasimama mwisho wa kichochoro, nyaya zinaivuta upande mmoja tu, hakuna za upande wa pili kusawazisha. Nilikadiria mvuto wa kilo 100 kwenye ncha, mita 6 juu ya ardhi, kisha nikajiwekea sharti: sitasimamisha nguzo ambayo haijavumilia kilo 250 uani kwangu. Watoto hucheza chini yake.

Kiungo cha kwanza nilikitengeneza kama mabomba ya maji makubwa: flanji kwa flanji, yaani ukingo mpana wa mwisho wa bomba ukakazwa na mwenzake, bolti nne. Tukavilaza vipande juu ya magogo, cha chini tukakibana kwenye chesi ya lori bovu, tukafunga cheni bloku na mizani ya kuning'inia mita 4 kutoka kwenye kiungo. Nikawaambia vijana wote wakae nyuma ya ukuta. Chuma cha pua hupinda kwanza, kikakuonya. Kasti haionyi. Mizani ilisoma kilo 140, tukasikia mlio kama wa bunduki, na flanji ikawa chini vipande viwili.

Mzee alikuja kutazama jeraha. Hakutazama mahali pengine ila lile jeraha, kwa muda mrefu, akalipangusa kwa kidole kilicholowa mate. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, isipokuwa doa moja lenye vishimo vidogo kama sifongo, pale pembe ya ndani flanji inapokutana na ukuta.

"Mwanangu," akaniambia, "chuma hiki kikandamize utakavyo, lakini usikivute. Na hapa umekivuta penye kidonda."

Nilimwelewa nusu siku ile, na nusu nyingine nikaielewa baada ya kusoma. Ndani ya kasti ya kijivu, hii yetu, kaboni hukaa kama magamba membamba ya grafiti, na kila gamba ni kama ufa mdogo uliolala. Ukikandamiza, nyufa zinafumbwa, ukivuta, zinafunguka. Ndiyo maana huvumilia kukandamizwa mara tatu hadi nne ya inavyovumilia kuvutwa. Sasa ile flanji yangu ilikuwa nene na ukuta mwembamba, basi penye makutano chuma kilichelewa kuganda, kikanywea chenyewe kwa chenyewe, kikaacha vishimo. Pembe nayo niliiacha kali kama ya kabati. Na kwa kuwa nyuso mbili za flanji hazikulaliana vizuri, kila nilipokaza bolti nilikuwa naipinda flanji. Ilianza kuumia kabla ya mizani kuguswa.

Kuna ajali ya zamani ninayoifikiria kila ninapotoboa tundu kwenye kasti. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la reli la mto Tay huko Uskochi lilianguka katika dhoruba, na treni ikiwa juu yake. Hakuna abiria aliyepona. Minara yake ilikuwa ya nguzo za kasti, vipande vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa bolti. Vyuma vya kuzuia minara isiyumbe vilishikwa kwenye masikio yaliyosubiwa pamoja na nguzo zenyewe, na matundu ya masikio hayo hayakutobolewa kwa keekee. Yaliachwa na kalibu, upande mmoja mapana, upande mwingine membamba, hivyo bolti ikaegemea ukingo badala ya kulala tunduni. David Kirkaldy alipoyajaribu masikio hayo London, yalipasuka kwa mzigo mdogo mno kuliko ule yaliodhaniwa kubeba. Matundu ya flanji yangu nami niliyaacha na kalibu ili kuokoa muda. Sijarudia tena.

Nikaitupa flanji. Kiungo cha pili kikawa cha dume na jike, kipande kuingia ndani ya mwenzake kama kijiti cha mwavuli. Hapa nilifanya makosa mawili kwa mpigo, na yote mawili nayaeleza kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kazi.

La kwanza ni kina. Niliupa mdomo wa jike kina cha milimita 120, kwa kuwa ulipendeza hivyo. Hesabu ilikuja baadaye, na iliniogofya. Kilo 100 kwenye ncha, mita 4 juu ya kiungo, ni sawa na kilo 400 zinazovuta kwenye mkono wa mita 1. Kiungo kinaizuia nguvu hiyo ya kupinda kwa kusukuma sehemu mbili: mdomoni upande mmoja, na ndani kabisa upande wa pili. Umbali kati ya misukumo hiyo ni kama theluthi mbili za kina. Kwa kina cha milimita 120 umbali ni milimita 80, basi gawanya 400 kwa 0.08: tani 5 zinasukuma mdomo wa kasti ili ufunguke. Kwa kina cha milimita 300 umbali unakuwa milimita 200, na tani 5 zinashuka kuwa 2. Mzigo ni ule ule, nyaya ni zile zile, na nilichoongeza ni sentimita 18 za chuma. Kiungo changu kifupi kilipasuka mdomo kwa kilo 190, ufa umenyooka toka ukingoni kwenda ndani, na sikuhitaji mtu wa kunieleza.

La pili sikulijua kwa mizani. Nilikuwa nimeweka jike chini na dume juu, yaani kipande cha juu kinatumbukia ndani ya cha chini. Mke wangu alipita uani baada ya mvua, akachungulia kile kiungo cha majaribio tulichokisimamisha, akauliza kwa nini nimetengeneza kikombe. Maji yalikuwa yamesimama mle. Angeacha kuuliza, ningejenga nguzo inayohifadhi maji ya chumvi ndani ya kiungo chake, na kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ingekuwa inausukuma mdomo ule kwa miaka, usiku na mchana, hata siku isiyo na upepo. Tukageuza. Sasa kipande cha juu kinakivika cha chini kama kofia, na ukingo wake umeshuka kidogo ili mvua idondoke nje.

Kiungo cha tatu ndicho kilichosimama. Kina ni milimita 300. Dume limechongoka kidogo sana, na sikulikereza lote: linagusana na jike kwenye mikanda miwili tu, mmoja mdomoni na mmoja ndani, kila mmoja wa milimita 50, na katikati nimepunguza kwa milimita 1. Ukitaka urefu wote uguse utadanganyika, kwa kuwa utagusa pale palipovimba tu, pengine katikati, na nguzo itacheza. Kuhakikisha, nilipaka dume masizi yaliyochanganywa na mafuta, nikaliingiza, nikalitoa, nikatazama jike lilivyochafuka. Mara ya kwanza liliguswa upande mmoja tu. Nilirudi kwenye mashine mara nne kabla doa halijazunguka kote.

Pembe zote za ndani tuliziviringisha tangu kwenye mfano wa mbao, ule unaokandamizwa mchangani, na unene ukabadilika polepole toka ukutani hadi mdomoni. Mfano tuliuongeza milimita 10 kwa kila mita, maana kasti hunywea kama asilimia 1 ikipoa. Mzee naye alisisitiza kiini cha mchanga, kile kinachoacha uwazi wa ndani ya kipande, kishikwe ncha zote mbili. Kikihama, upande mmoja wa ukuta unakuwa mwembamba, na kwa nje huoni kitu.

Halafu ikaja pete, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mdomo wa jike, kwa hesabu ile ya tani 2, bado unavutwa kutoka ndani kwenda nje, na kuvutwa ndiko kasti isikokutaka. Basi uzungushie kitu kinachopenda kuvutwa. Nilikereza pete ya chuma cha pua, upana milimita 50, unene milimita 12, na tundu lake nikaliacha dogo kuliko mdomo kwa sehemu 15 za mia ya milimita. Ikiwa baridi haivaliki. Tuliichoma kwa mkaa. Sina kipimo cha joto cha kuaminika, basi nilitumia njia ya mzee: bati safi ya kulehemia huyeyuka kwenye nyuzi 232, risasi kwenye 327. Pete ilipoiyeyusha bati na kuiacha risasi ilivyo, nilijua niko katikati. Kwa joto hilo pete ya kipenyo cha milimita 180 hupanuka kama nusu milimita. Iliteleza mahali pake bila nyundo, tukaiacha ipoe yenyewe. Ilipopoa ilikuwa imeukumbatia mdomo kwa nguvu, na kasti yote chini yake ikawa imekandamizwa kabla ya waya hata mmoja kufungwa. Nyaya zikivuta, kwanza zinaondoa ule mkandamizo. Mvuto wenyewe unaokifikia kasti ni mabaki.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie ile kasti inayotiwa magnesi, iliyogunduliwa na Keith Millis Marekani mwaka 1943, ambayo grafiti yake huwa duara badala ya magamba na hupinda bila kukatika. Ni nzuri kweli, nami ningeichukua kama ningeipata. Kutia magnesi kwenye chuma kilichoyeyuka kunataka mitambo na vipimo ambavyo tanuri letu halina, na sikutaka kumweka mzee wa umri ule karibu na moto wa namna hiyo.

Tulirudi kwenye chesi ya lori. Kilo 140, pale ilipokatika flanji, tukapita. Kilo 190 tukapita. Kwenye 250 nilisimama robo saa, nikakagua mdomo kwa kurunzi, kisha nikamwambia kijana aongeze. Tulifika 300 na nikasema basi. Tulipolegeza, ncha ilirudi ilipotoka, pungufu ya upana wa kidole. Nikagonga kila kipande kwa nyundo ndogo. Kasti nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichovunjika. Vyote vitatu vililia.

Kuisimamisha, ukiacha wiki ya kungoja zege, kulichukua asubuhi moja. Kipande cha chini kilizikwa mita 1.2, timazi likaning'inizwa pande mbili, zege likaachwa wiki nzima. Vya juu vilipandishwa kwa kapi lililofungwa kwenye miti, mikanda yote imepakwa grisi nzito, na kila kimoja kilipokaa tulikishindilia kwa gogo la mkwaju hadi sauti ikabadilika.

Nguzo imepita msimu mmoja wa kusi sasa. Naenda kuitazama kila mwezi, nashusha timazi kutoka kwenye alama ile ile niliyoipiga kwa tindo, nagonga pete, nasikiliza. Mtaa wa pili wameshaniagiza mbili, na kichochoro chao ni chembamba kuliko chetu, kwa hiyo mfano mpya wa mbao nimeukata vipande vinne.